Gunia Namba Kumi na Nne

Koikai, mlinzi wa usiku, alikutwa chali chini ya kibaraza cha taka, mguu mmoja bado uko kwenye ngazi, macho wazi yakiuelekea Mlima Meru, ambao asubuhi hiyo ulikuwa umejifunika mawingu mpaka miguuni. Rungu lilikuwa kiunoni mwake. Shuka lake jekundu lilikuwa limelowa umande. Damu ya kisogoni ilikuwa imeganda, ikawa nyeusi, na kwenye kona ya zege la ngazi kulikuwa na doa jingine lenye nywele mbili tatu.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai 1999, saa moja kasoro asubuhi, na baridi ya Arusha ilikuwa ile isiyojali koti la mtu.

Inspekta Kandida wa Idara ya Upelelezi alichuchumaa akavaa glovu. Aliutazama mwili kwa muda mrefu bila kuugusa. Watu waliomfahamu walisema ana kasi ya konokono. Yeye alikuwa akijibu kwamba konokono hajawahi kuonekana amegonga mti.

"Nani alimkuta?"

"Mimi, afande." Aliyejibu alikuwa Rodrick, msimamizi wa kampuni ya Ng'arisha, kijana mwenye buti mpya na midomo iliyokauka kwa hofu. "Nilitangulia gari. Nikadhani amelala."

"Alikuwa analala zamuni?"

"Koikai? Hata siku moja."

Kandida aliinamia shingo ya marehemu. Kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu upande wa kushoto, kama wa kamba iliyovutwa kwa nguvu ikakatika.

"Alivaa nini shingoni?"

"Filimbi. Kampuni inampa kila mlinzi filimbi."

Filimbi haikuwepo. Koplo Bariki, msaidizi wa Kandida, aliitafuta majanini, chini ya ngazi, hata ndani ya shuka. Alichokikuta ni kibuyu cha maziwa kilichotundikwa kwenye wavu, kimejaa, hakijaguswa. Na hatua mbili kutoka kwenye kichwa cha marehemu, palikuwa na reki ya chuma yenye mpini wa mti, na kwenye mpini herufi S iliyochomwa kwa msumari wa moto.

Kandida aliinua reki kwa vidole viwili. Wakazi walikuwa wamejipanga nyuma ya kamba ya polisi, kanga vichwani, mikono kwapani.

"Ya nani hii?"

Bwana mmoja wa nyumba namba tisa, aitwaye Aminiel, akakohoa. "Ya Mzee Sumari hiyo. Mtaa mzima unaijua."

"Reki zote zinafanana," alisema mwanamke aliyesimama pembeni, mrefu, amevaa sweta safi lililonyooshwa mikunjo. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wewe ni nani, mama?"

"Mama Hope. Nyumba namba kumi na nne. Mimi ni katibu wa kamati ya usafi."

Kandida aliandika. Katika watu arobaini pale, huyo peke yake ndiye aliyemtetea mzee.

*

Ili mtu aelewe kwa nini mtaa mzima ulimnyooshea kidole Mzee Sumari, ni lazima ajue habari za magunia.

Mtaa wa Mringaringa una nyumba ishirini na mbili, upande wa juu wa mji, pale mashamba ya kahawa yanapoanza kubishana na matofali. Kwa miaka kumi na sita taka zake zilibebwa na Mzee Sumari wa kijiji cha Kikwe. Alikuwa na mkokoteni, reki na kikohozi. Maganda ya ndizi aliyapeleka kwa wenye ng'ombe, chupa aliziosha, makopo aliyauza, kilichobaki akakifukia. Hakuwahi kupeana na mtu karatasi ya mkataba.

Kisha zikaja enzi za ubinafsishaji. Viwanda vikauzwa, mabenki yakauzwa, na hatimaye ikafika zamu ya maganda ya ndizi. Manispaa ikaruhusu makampuni. Mwezi wa nne wakazi wa Mringaringa wakakutana, wakapiga kura, wakamwacha mzee wakaichukua Ng'arisha, yenye gari la bluu na magunia meupe, ianze kazi Julai. Kila nyumba ikapewa gunia lenye namba yake kwa rangi nyekundu. Jioni ya Ijumaa unalipeleka kwenye kibaraza kilichozungushiwa wavu. Majivu unayaweka mbali, kwenye debe lenye namba hiyohiyo, kwa sababu makaa yaliwahi kuunguza gari la kampuni mtaa mwingine. Jumamosi saa mbili asubuhi, Rodrick anafungua gunia moja moja mbele ya watu kuhakiki kama chupa na makopo vimetengwa. Anataja namba kwa sauti, anataja alichokikuta, wengine wanasikiliza.

Siku ya mkutano ule Mzee Sumari alisimama akasema neno moja tu: "Mtanikumbuka." Akaendelea kubeba mpaka mwisho wa Juni, kisha akaondoka na mkokoteni wake.

Neno dogo kama hilo, mtu akifa, linageuka kuwa ushahidi.

*

Walimkamata Kikwe, kwenye migomba yake, akikata majani makavu. Hakukimbia. Aliomba tu aruhusiwe kuvaa viatu.

"Shikamoo, mzee," alisema Kandida walipokaa mezani kituoni. Mtuhumiwa au si mtuhumiwa, mzee ni mzee.

"Marahaba, mwanangu."

"Usiku wa kuamkia leo ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Nakohoa, mke wangu ni shahidi. Hakulala kwa ajili yangu."

"Reki hii ni yako?"

Mzee aliitazama. Kitu kilipita usoni mwake, kikatoka haraka. "Yangu."

"Ilifikaje pale?"

"Nilipoteza."

"Wapi?"

"Kitu kilichopotea hakina wapi."

"Mzee wangu, kuna mtu amekufa. Kosa hili adhabu yake ni kunyongwa. Uliiazimisha kwa mtu?"

Mzee Sumari alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Kandida akamsogezea maji. Alipopata pumzi, alizungumza taratibu, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kimeru.

"Miaka kumi na sita nimebeba taka za watu wale. Anayekunywa kwa siri, mimi najua. Anayepigana na mkewe, najua, sahani zinafika kwangu. Mwenye ugonjwa, mwenye barua zisizo za mumewe, wote najua. Uliwahi kusikia nimesema?"

"Sijawahi."

"Basi nianze leo, uzeeni?"

Alikunja mikono. Kuanzia hapo hakusema tena.

Kandida alitoka akiwa na mashaka kuliko alivyoingia. Nje, chini ya mjakaranda wa kituo, walikuwa wamesimama wanaume wanane wenye mashuka. Hawakupiga kelele. Aliyetangulia alikuwa Sironka, kaka wa marehemu. Kandida alimpa pole, kisha akamkabidhi kibuyu cha Koikai, maana hakikuwa na kazi kwenye kesi. Sironka alikipokea kwa mikono miwili.

"Hatuna haraka, afande," alisema. "Tunangoja jina."

Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya yeye alikuwa na haraka. "Ana sababu, alitoa vitisho, silaha yake iko eneo la tukio," alisema kwenye simu. "Jumatatu asubuhi afikishwe mahakamani kwa mauaji. Unangoja nini, Kandida?"

Kandida alikuwa na mashaka tu, na mashaka hayaandikwi kwenye jalada.

*

Saa nane mchana Daktari Ludovick alimaliza uchunguzi wa maiti. Alikuwa anaosha mikono.

"Reki haijamgusa," alisema.

Kandida alishusha pumzi. "Una hakika?"

"Jeraha ni moja, kisogoni, na linalingana na kona ya zege. Alisukumwa au aliteleza, akaanguka kinyumenyume. Mikononi ana mikwaruzo ya kucha. Midogo. Alikuwa amemshika mtu, na huyo mtu alitaka kuachiwa."

"Mtu mwenye nguvu?"

"Wala." Daktari alifunga bomba. "Kuna jambo jingine, na hili sikulipenda. Hakufa palepale. Damu ilivujia ndani ya fuvu polepole. Saa nzima, labda na nusu. Alianguka kama saa kumi na moja alfajiri. Mtu angepiga kelele, akaletwa hapa mapema, mimi na wewe tusingekuwa tunazungumza hivi."

Kandida aliandika muda huo. Saa nzima, kwenye baridi ile, nyumba ishirini na mbili zimemzunguka.

Alirudi Mringaringa. Maneno ya mzee hayakumtoka kichwani. Anayebeba taka anajua. Kama mzee ananyamaza kwa ajili ya mtu, basi jambo la mtu huyo liko kwenye taka.

"Bariki," alisema, "tunafungua magunia."

"Yote, afande?"

"Yote."

Walitandika turubai. Rodrick alisimama pembeni akihesabu. Gunia namba moja, namba mbili, namba tatu. Maganda, nyuzi za mahindi, chaki, mkanda wa redio uliokatika, daftari la mtoto lenye sifuri kubwa. Kandida hakufurahia kazi ile. Aliona kama anachungulia watu wakioga.

"Kila Jumamosi mnasoma hivi mbele za watu?" aliuliza.

"Si wazo letu, afande," Rodrick alijitetea. "Sisi tulitaka kupima uzito tu. Ni kamati. Katibu wao alisema mtu asipoona haya hatengi taka."

"Mama Hope?"

"Ndiye. Mwezi wa nne kwenye mkutano. Alitetea mpaka likapita."

Gunia namba tisa, la Aminiel, kamba yake ilikuwa imefungwa fundo lililolegea tofauti na mengine. Ndani yake kulikuwa na manyoya ya jogoo, mengi, yamelowana na kushikana. Kandida aliyachambua mpaka mwisho wa gunia, kisha akayachambua tena.

"Mifupa iko wapi?"

"Labda mbwa, afande," alisema Bariki.

"Mbwa aliyefungua kamba, akala, akafunga kamba?"

Bariki alijikuna shingo.

Walipofika namba kumi na nne, Kandida aliketi kabisa chini. Lilikuwa gunia la nyumba inayokula vizuri. Mifupa ya jogoo, mapaja mawili, kidari, shingo. Maganda ya mayai saba. Pumba za mchele. Maganda ya machungwa, kopo la samaki. Lakini hapakuwa na unyoya hata mmoja.

"Kuku mmoja," alisema polepole, "manyoya ameyaacha kwa Aminiel, mwili ameuhamishia kwa Mama Hope."

"Labda walimkaribisha chakula."

"Tutauliza. Niletee madebe ya majivu."

Yalikuwa yamepangwa ukutani, ishirini na mawili, kila moja na namba yake. Julai hakuna jiko linalopumzika Arusha. Ukimaliza kupika ugali unaliacha liwake watu waote miguu. Madebe ishirini na moja yalikuwa yamejaa, mengine yanafurika. Debe namba kumi na nne lilikuwa jeupe ndani, limeoshwa, limekusanya umande.

Kandida alikulia Kibosho, Uchagani, na mama yake alikuwa na tabia ya kutupia jicho rundo la majivu la jirani kila anapopita. Halikuwa jicho la umbeya. Rundo lisipokua siku mbili, alikuwa anabeba kikapu kimyakimya na kwenda kubisha hodi.

Inspekta alihesabu upya. Mayai saba, kuku mzima, wali, na hakuna moto.

"Bariki," alisema, "hawa watu hawajapika."

*

Mke wa Aminiel alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kuficha kitu, na alishangaa kuulizwa.

"Jogoo tulichinja Alhamisi, afande, tulikuwa na mgeni kutoka Moshi. Mifupa niliitia mwenyewe guniani. Kumkaribisha Mama Hope? Hakuja. Siku hizi haji kwa mtu. Ana maringo kidogo tangu zamani, lakini ni mcha Mungu."

"Mumewe anafanya kazi wapi?"

"Baba Hope, Brayson? Alikuwa kiwandani. Kiwanda si kiliuzwa mwezi wa tano? Walipunguzwa wengi. Lakini mama mwenyewe alituambia yeye alibahatika, alipata kazi nzuri ya stoo kwenye hoteli huko Momela. Ndiyo maana haonekani."

"Jumamosi ya kwanza ya magunia, la kwao lilikuwaje?"

Mama yule alicheka, kisha akaona uso wa inspekta akapunguza. "Lilikuwa jepesi. Rodrick alisoma, 'Namba kumi na nne: karatasi na shina la sukuma wiki.' Mimi nikatania tu. Nikasema, nyumba ya katibu inaishi kwa Neno la Mungu peke yake! Watu wakacheka. Hata yeye alicheka. Wiki iliyofuata lilikuwa limejaa pomoni. Nikajua basi, kumbe ile ya kwanza walikuwa safarini."

"Asante, mama," alisema Kandida. Alifunga daftari.

Usiku ule hakulala vizuri. Ushahidi alikuwa nao nusu. Mifupa si mauaji. Na Jumatatu ilikuwa inakuja na pingu za mzee mkononi.

*

Jumapili, baada ya ibada ya kwanza, alibisha hodi nyumba namba kumi na nne. Bariki alibaki getini.

Nyumba ilikuwa safi mno. Vitambaa vya mezani vilikuwa vyeupe, vimepigwa pasi, na Biblia ilikuwa katikati. Mama Hope alimkaribisha kiti. Nyuma yake wasichana wawili walisimama wima. Mkubwa, Hope, wa miaka kumi na miwili hivi. Mdogo, Princess, wa sita, alikuwa amevaa gauni la kanisani lililomlegea mabegani.

"Shikamoo," walisema pamoja.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

Kandida alikaa dakika moja, mbili, tano. Katika nyumba ya Mchaga au ya Mmeru, mgeni akikaa dakika tano bila kusikia kikombe kinagongana na sahani, ujue kuna msiba. Princess aliitazama chupa ya chai iliyokuwa kabatini, akamtazama mama yake, akaiinamia sakafu.

"Utanisamehe, afande," alisema Mama Hope. "Leo tumefunga. Tunafunga na kuomba."

"Na watoto?"

"Na watoto."

"Nendeni mkacheze nje," Kandida aliwaambia. Walitoka taratibu, kama watu wazima.

"Baba Hope yuko wapi, mama?"

"Momela. Kazini."

"Hoteli gani?"

"Ni... kule ziwani. Jina lake la Kizungu linanipotea."

"Alituma salamu lini mara ya mwisho?"

Mama Hope alinyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo. "Mawasiliano ni magumu kule."

"Naweza kuona jiko lako?"

Jiko lilikuwa chumba kidogo cha nyuma. Hapakuwa na gesi wala umeme wa kupikia. Palikuwa na sufuria tano zilizong'arishwa, zimepangwa kwa ukubwa, na jiko moja la mkaa. Kandida aliinama. Buibui alikuwa amefuma utando kutoka mguu wa jiko mpaka ukutani, tena utando wa siku nyingi, wenye vumbi.

Alisimama.

"Mama Hope, hulazimishwi kusema lolote. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani kama ushahidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Gunia lako lina mifupa ya jogoo wa Aminiel. Manyoya yake yako gunia namba tisa. Debe lako halina majivu. Mzee Sumari yuko mahabusu, ana kikohozi kibaya, kesho anashtakiwa kwa mauaji. Nimemuuliza reki alimpa nani. Amekataa. Nimemwambia kuna kunyongwa. Akakataa bado."

Mama Hope alikuwa ameshika ukingo wa dirisha.

"Hakusema?"

"Hajasema hata herufi moja."

"Aliniletea ndizi," alisema. "Jumapili mbili zilizopita. Alizitua mlangoni akajifanya amekuja kunisalimia. Sikumwambia kitu, lakini yule mzee... alikuwa anabeba majivu yetu. Aliona yalivyopungua tangu mwezi wa tano. Nikamwomba reki, nikamwambia ni ya bustani. Alinitazama. Sina bustani. Akanipa."

"Ulitaka kufanyia nini?"

"Kuvutia vitu. Kibaraza kina wavu. Nikipitisha reki chini yake nafikia magunia."

"Uvutie chakula?"

Hapo aliinua uso kwa ghafla, na kwa mara ya kwanza Kandida aliona hasira ndani yake.

"Chakula? Mimi si mla jalala, afande! Sijawalisha wanangu kitu cha jalalani hata siku moja. Nilikuwa naokota taka. Taka tu. Gunia langu lionekane gunia la watu." Sauti ilimkatika. "Brayson aliondoka kwenda kutafuta kibarua, wiki ya saba sasa. Sijui kama yu hai. Nimewaambia watu ana kazi nzuri. Halafu Jumamosi ile Rodrick anasoma, karatasi na shina la sukuma wiki, na wote wanacheka. Na utaratibu huo nimeuleta mimi! Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, wakati nyumba yangu ina nyama kila Jumapili. Nilitaka wavivu waone haya."

"Ijumaa kuamkia Jumamosi ilikuwaje?"

"Nilitoka saa kumi na moja kasoro. Mara ya kwanza Koikai alikuwa upande wa pili, hakuniona. Safari hii reki haikufika. Nikapanda ngazi, nikafungua gunia la Aminiel kwa mkono. Nilikuwa nimeshahamisha, nimeshafunga. Nikasikia mtu ananishika mkono. Nimejifunika kanga usoni, hanijui. Anasema, 'Wewe mwizi, unaiba nini?' Mimi nina mfupa mkononi."

Alifumba macho.

"Akaweka filimbi mdomoni. Nikaona mtaa mzima umetoka na tochi. Nikaikamata ile filimbi nikavuta, kamba ikakatika. Nikamsukuma aniachie. Ngazi ilikuwa na umande."

"Alianguka."

"Alianguka."

"Alikuwa amekufa?"

Huko nje Hope alikuwa akimfundisha mdogo wake kuhesabu vijiwe. Moja, mbili, tatu. Mama yao aliwasikiliza.

"Alikuwa anapumua," alisema. "Kama mtu anayekoroma. Nilisema, ngoja niingie ndani, nivue kanga, kisha nipige kelele kama mtu aliyesikia tu kishindo. Nikaingia. Nikakaa hapo ulipo. Nikawa nasema sasa hivi. Wataniuliza umeamkaje saa hizi, sasa hivi. Wataona matope miguuni, nioshe miguu kwanza, sasa hivi. Mpaka kukapambazuka, nikasikia Rodrick anaita."

Aliinama kwenye jiko la mkaa. Akatia mkono ndani bila kusita, kama unavyotia mkono kwenye jiko ambalo unajua halijawaka siku nyingi, akatoa filimbi ya bati yenye kipande cha kamba nyekundu. Akaiweka kwenye kiganja cha inspekta.

Kandida aliifunga ndani ya mfuko wa vielelezo.

"Watoto nitawapeleka kwa mke wa Aminiel," alisema. "Kwa sasa."

Mama Hope alitikisa kichwa kukubali. Hakuuliza juu ya kifungo, hakuuliza juu ya kitanzi. Alivaa sweta, akafunga vifungo vyote, mpaka cha juu. Mlangoni akasimama.

"Lile gunia, afande. Mtalifanyaje?"

"Ni kielelezo, mama. Litakwenda mahakamani."

"Litafunguliwa?"

Kandida angetoa mshahara wake wa mwezi ajibu vingine. "Litafunguliwa."

"Mbele ya watu? Mtataja kitu kimoja kimoja?"

"Kimoja kimoja."

Hapo ndipo Mama Hope alipolia. Alilia amesimama, uso wazi, bila kujificha, na Bariki huko getini akageukia barabara.

*

Mzee Sumari alitolewa mahabusu saa kumi jioni. Aliulizia reki yake, akaambiwa itabaki. Aliulizia watoto, akaambiwa wako namba tisa. Alikohoa, akashukuru, akashika njia ya kupandia Mringaringa badala ya ile ya Kikwe.

Sironka alikuwa bado chini ya mjakaranda na wenzake saba. Kandida alimwendea peke yake, akamweleza. Alimpa jina, kwa kuwa ndilo walilolingoja. Akamwambia kuhusu magunia, namba nyekundu, vicheko vya Jumamosi, jiko lenye buibui. Sironka alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea fimbo yake.

"Watoto wangapi?"

"Wawili."

Sironka alikitazama kibuyu mkononi mwake. Alikitikisa kidogo, maziwa yakacheza ndani.

"Ndugu yangu alikuwa hanywi mpaka kukuche," alisema. "Alikuwa anasema usiku unaweza kuleta mgeni. Huyo mama angefunua uso tu. Angemwambia, Koikai, nyumbani hakuna kitu. Angempa chote, afande. Wala asingemuuliza jina."

Alimkabidhi Kandida kibuyu kwa mikono miwili, kama alivyokipokea.

"Kipeleke namba tisa," alisema, kisha akawaita wenzake wakaondoka.